Mvua Bila Daftari

Katika rejista ya darasa lolote kule Sirisia, chini ya Mlima Elgon, mwalimu anapoita majina asubuhi huwa anasoma, pengine bila kutambua, kalenda ya majira ya mwaka. Wafula na Nafula ni wana wa mvua. Wanyonyi na Nanyonyi ni wa msimu wa palizi. Wanjala na Nanjala walizaliwa ghala zikiwa tupu. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, nao Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi. Mimi ni mwanaisimu, na kwa muda mrefu nimewaeleza wanafunzi wangu chuoni kwamba majina ya Wabukusu ni hazina ya lugha. Siku hizi nayatazama kwa jicho la pili: ni kumbukumbu za hali ya hewa zilizotunzwa na watu ambao hawakuwa na kalamu.

Kwa kalenda hiyo, mwezi wa Novemba huangukia kati ya Wekesa na Simiyu. Mahindi yaliyopandwa mvua ilipoanza, Machi au Aprili, yamekwisha kuvunwa ama yangali yakivunwa, na jua linatarajiwa kuyakausha. Novemba moja ya miaka ya karibuni nilikuwa kwa shangazi yangu huko Sirisia. Mahindi yalikuwa yameanikwa uani juu ya turubai, na mawingu yakajikusanya mlimani kabla ya adhuhuri. Siku hiyo tuliyakimbiza mahindi ndani mara tatu. Shangazi akaketi kizingitini akihema, akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu niambie. Novemba ya zamani ilikuwa hivi?"

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu za utotoni tu, na katika kumbukumbu za utotoni jua huwaka kila siku ya likizo.

Swali hilo si dogo. Mahindi ya kuwekwa ghalani hayapaswi kuwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Basi anayeuliza kama Novemba imebadilika anauliza kama desturi yake ya kukausha chakula ingali salama.

Wataalamu wanayo njia ya kulijibu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani huhesabu wastani wa miaka 30, na huo ndio huitwa hali ya kawaida ya mahali. Zamani kipimo kilikuwa miaka ya 1961 hadi 1990. Sasa ni 1991 hadi 2020. Lakini wastani huo haushuki kutoka mbinguni. Hujengwa siku baada ya siku na mtu anayekiendea kipimamvua kila asubuhi saa tatu, akasoma, akaandika. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 20 ni kama kumwaga debe zima la maji juu ya kila mita ya mraba ya shamba.

Katika kazi hiyo ipo kanuni moja inayonipendeza mimi kama mtu wa lugha. Mvua isiponyesha, huandikwa sufuri. Mtu asipopima, hapaandikwi sufuri, huachwa wazi. Sisi wanaisimu tunajua kwamba kukanusha si sawa na kunyamaza. Anayejaza sufuri kwa siku ambayo hakupima amesema uongo, na uongo huo utaingia katika wastani wa miaka 30.

Huenda msomaji akasema: kipo kituo cha hali ya hewa Kitale, takwimu zake hazitoshi? La hasha. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bungoma mita 1,400 hivi. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, miji hii miwili hutofautiana kwa nyuzi kama tatu. Mvua nayo, karibu na mlima mkubwa, hunyesha ng'ambo hii ya bonde ikaiacha ile. Wastani wa jirani ni kama kiatu cha jirani.

Maneno nayo tumeyaazima. Wanafunzi wa Sirisia huandika insha juu ya masika na vuli, maneno matamu yaliyozaliwa pwani, ambako mvua ndogo ya Oktoba hadi Desemba ni msimu kamili. Wafasiri wetu nao wamelitwika neno vuli mzigo wa pili, wakaliita hivyo hata pukutiko la majani huko Ulaya. Lakini mkulima wa Sirisia anaposikia kwamba mvua za vuli zinaanza, zake zinatarajiwa kukoma. Afuate lipi?

Wala majina yetu ya asili hayatoshi peke yake. Leo mtoto hupewa jina la babu yake, na Wekesa aweza kuzaliwa Mei. Isitoshe, jina Wafula latueleza kwamba mvua ilinyesha. Halituelezi ilikuwa kiasi gani. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, mvua kubwa iliporomosha milima ya Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale, ikaua watu zaidi ya 40. Wastani usingaliizuia mvua hiyo, maana wastani si ahadi. Ni kipimo cha kutujulisha kwamba lililotokea limepita mpaka.

Kwa hiyo nawageukia walimu wenzangu. Mkebe wenye kingo zilizonyooka, ukiwekwa uwanjani mbali na miti na mapaa, pamoja na rula na daftari, watosha kuanzia. Ila liko pengo ambalo ni lazima tulizibe. Muhula wa tatu humalizika Novemba inapokaribia au ikiwa imeingia, na shule hukaa kimya hadi Januari. Yaani daftari la shule hufungwa katika majuma yale yale ambayo shangazi anayaulizia. Basi achaguliwe mwanafunzi anayeishi karibu, au mlinzi wa shule, akabidhiwe daftari kwa heshima kama anavyokabidhiwa funguo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mvua nayo ni mali. Mwanafunzi wa miaka 14 akianza kuiandika mwaka huu, miaka 30 itatimia akiwa na umri kama huu wangu. Siku hiyo shangazi yake akimuuliza kama Novemba ya zamani ilikuwa hivi, hatahitaji kufunga kinywa. Atafungua daftari.