Magoti Yakiuma, Usiyaache Yalale

Mama mpenzi, Jumapili iliyopita kanisani mlipoalikwa kupiga magoti, je, ulipiga? Au uliinamisha kichwa tu ukiwa umekaa, ukiogopa kwamba ukishuka hutainuka bila kushikilia benchi? Kama ndivyo, makala haya ni yako.

Hapa kwetu Dodoma magoti ya mama huanza kazi alfajiri. Mama huinama na jembe katika shamba la uwele, huchuchumaa mbele ya mafiga, na hubeba kichwani ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji. Akifikia miaka hamsini hivi, maumivu huanza. Goti hukakamaa asubuhi, na kuinuka kwenye kigoda huwa kazi. Majirani husema ni baridi. Wengine hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

La hasha! Mara nyingi huu ni ugonjwa wa kuchakaa kwa kiungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 ulikuwa na watu milioni 528 duniani, na karibu 60 katika kila 100 walikuwa wanawake. Goti ndilo huathirika zaidi.

Kosa letu kubwa

Goti likiuma, tunaambiwa tulipumzishe. Mama huacha kutembea, watoto wakamfanyia kila kitu, naye akameza vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa mwezi hata mwezi. Vidonge hivyo vikitumiwa ovyo huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo.

Ncha za mifupa ya goti zimefunikwa na gegedu, ambalo halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute ulio ndani ya goti. Unapokunja na kukunjua mguu, ute huo husukumwa ndani na nje ya gegedu, kama maji katika sifongo. Goti lisilotembezwa hukosa chakula. Zaidi ya hayo, misuli ya paja hulegea, na uzito wote huliangukia goti. Maumivu huongezeka, mama huzidi kukaa, na mambo huharibika zaidi.

Watazame akina mama wa Kigogo wakipiga ngoma ya muheme. Huibana ngoma kwa miguu yao wenyewe wakiwa wamesimama. Paja lenye nguvu namna hiyo hulishika goti kama nguzo inavyoshika paa.

Ndiyo sababu madaktari siku hizi huyataja mazoezi kuwa tiba ya kwanza ya ugonjwa huu. Nchini Denmark, tangu mwaka 2013 wagonjwa wamekuwa wakifundishwa mazoezi mara mbili kwa wiki, na mpango huo umeenea nchi nyingine.

Mazoezi ya nyumbani

1. Kaa mkekani, mguu umenyooka. Weka kanga iliyokunjwa chini ya goti. Ligandamize goti chini ukikaza paja, uhesabu hadi tano, kisha ulegeze. Rudia mara 10 kila mguu.

2. Kaa kwenye kiti. Nyoosha mguu mmoja mbele, uhesabu hadi tano, ushushe polepole. Mara 10 kila mguu.

3. Inuka kitini bila kusukuma kwa mikono, kisha ukae taratibu. Anza na mara 5, upande hadi 10.

4. Tembea mahali tambarare dakika 10, ukiongeza kidogo kidogo kila wiki.

Tatu za kwanza zifanye siku tatu kwa wiki. Kutembea, kila siku. Maumivu kidogo mwanzoni si dalili ya kuharibika. Lakini yakiwa bado yamezidi kesho yake asubuhi, punguza. Usikate tamaa mapema, kwani faida huonekana baada ya wiki 6 hadi 12, na ukiacha mazoezi, hupotea. Kama una uzito mkubwa, upunguze: kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

Usianze mazoezi kama goti limevimba ghafla, lina moto na una homa, au limeumia kwa kuanguka na huwezi kulikanyagia. Nenda hospitali kwanza. Kwa maumivu ya siku nyingi, mwombe daktari akupeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hapa Dodoma huduma hiyo ipo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Neno kwa jamaa

Baba na watoto, msimfanye mama kuwa mgonjwa wa kitandani. Mchoteeni maji, mwinulieni kigoda, mtafutieni kiti cha chooni, lakini mwacheni atembee. Nawe mkwe, ukimwona mama mkwe akitembea polepole kwenda jumuiya, usimwambie akae. Mshike mkono, mwende pamoja.

Na wewe mama, hadi magoti yapate nguvu, omba ukiwa umekaa, wala usione haya. Mungu husikia. Lakini kesho asubuhi, kabla hujawasha moto, kaa mkekani, ukunje kanga yako, uanze kuhesabu.