Mkono wa Plastiki: Wabunifu wa Ridhaa na Watu Wenye Ulemavu

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ukweli wa kauli hii ulimfika Richard van As, seremala wa Johannesburg nchini Afrika Kusini, mwaka 2011 alipokatwa vidole na msumeno wa umeme. Vidole bandia vilikuwa ghali mno, hivyo akaazimia kujiundia. Kwenye intaneti aliona video ya Ivan Owen, mkaazi wa jimbo la Washington, Marekani, aliyekuwa ameunda mkono mkubwa wa mitambo kwa ajili ya vazi la maonyesho. Wawili hao wakaanza kushirikiana, bahari ikiwa kati yao.

Baadaye, mama wa mvulana wa miaka mitano aliyezaliwa bila vidole katika mkono wa kulia aliwaomba msaada. Kampuni ya MakerBot iliwapa printa mbili za pande tatu, yaani mashine zinazoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka hadi kifaa kikamilike. Mnamo Januari 2013 waliutoa mchoro wao bure. Mwaka uo huo, Jon Schull wa Rochester, New York, aliasisi e-NABLE, mtandao wa watu wanaojitolea kuchapa mikono kama hiyo na kuwapa wahitaji bila malipo.

Utendakazi wa mkono huu ni sahili. Nyuzi zisizonyumbuka huunganisha ncha za vidole na sehemu inayofungwa kwenye kigasha. Mtumiaji akikunja kifundo cha mkono, nyuzi hukazika na vidole hufumba. Akikinyoosha, lastiki huvirudisha vidole wazi. Ni bayana basi kuwa mkono huu humfaa tu mwenye kifundo kinachokunjika. Asiyekuwa nacho huhitaji mchoro mwingine unaoendeshwa na kisugudi. Aidha, plastiki haistahimili mizigo mizito. Faida yake kuu ni kwamba mtoto akikua, vipimo huongezwa kwenye kompyuta na mkono mwingine ukachapwa.

Aghalabu watu wenye ulemavu hutazamwa kama wapokeaji wa hisani. Kisa cha van As kinakanusha mtazamo huo, kwa kuwa mbunifu mwenyewe ndiye aliyekuwa mhitaji. Ni sharti mtumiaji aulizwe anataka kushika nini: kikombe, mpira au usukani wa baiskeli. Kifaa kilichoundwa bila kumsikiliza huishia kabatini.

Mchoro uliotolewa bure unaweza kuchapwa Kisumu sawa na Rochester, mradi printa ipo. Hata hivyo, maelezo ya kupima mkono na kuunganisha sehemu zake yameandikwa zaidi kwa Kiingereza. Kwa fundi asiyeimudu lugha hiyo, na kwa mzazi anayetaka kujua jinsi ya kukaza uzi uliolegea, mchoro huo bado umefungwa. Hapo ndipo mtafsiri na mwanaistilahi wa Kiswahili anapohitajika sawa na mwenye printa.