Sungura akitikisa kichwa, usikimbilie oili chafu

Mwezi huu tunaongelea wanyama wetu wa nyumbani. Kwa familia nyingi hapa kambini sungura watatu au mbuzi mmoja ndiyo akiba yote: daftari za watoto, sabuni, nauli ya kwenda hospitali. Mnyama akianza kujikuna, ni pesa ya nyumba inayojikuna!

Tuanze na sungura, maana ndio wanaosumbuliwa zaidi na masikio. Utamwona anatikisa kichwa, anajikuna kwa mguu wa nyuma, sikio moja limelala. Chungulia ndani: kuna magamba ya kahawia, yamepangana kama karatasi. Huo ni utitiri, vidudu vidogo sana. Unataka uhakika? Chukua gamba lililodondoka lenyewe, liweke juu ya kitambaa cheusi juani, angalia kwa makini. Utaona vinukta vyeupe vinatembea.

Sasa, kosa kubwa ni kuyabandua magamba yale kwa nguvu. Chini yake kuna kidonda kibichi, sungura anaumia sana. Kosa la pili ni oili chafu ya gari, au dawa ya kupulizia mimea. Sungura hujilamba; kinachopakwa sikioni huishia tumboni, na watoto nao humshika. Tumia mafuta ya kupikia, yale ya maji (mawese huganda asubuhi). Yapashe yawe vuguvugu tu, tia matone machache katika kila sikio, kisha sugua shina la sikio kwa nje. Mafuta hulainisha magamba na kuwabana pumzi wadudu. Fanya siku tatu mfululizo, halafu rudia kila baada ya siku chache mpaka wiki ya tatu, kwa sababu mayai yanaendelea kuanguliwa. Watibu sungura wote wa banda hilo, hata asiyejikuna. Nyasi za kulalia chomeni moto.

Akianza kuinamisha kichwa upande au kuzunguka, ugonjwa umeingia ndani. Hapo mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Ana sindano ya ivermectin, ambayo hurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Msinunue sokoni na kujipimia wenyewe. Mbuzi wa kilo 50 hupewa mililita 1 ya dawa ya asilimia 1. Sungura wa kilo 2 hafikii hata tone moja zima. Jirani akikupigia kwa makadirio ya macho, sungura anaweza kufa. Tena uliza: nyama au maziwa yatumike baada ya siku ngapi?

Kwa mbuzi, upele huanza usoni na masikioni. Manyoya yanadondoka, ngozi inakuwa nene yenye mikunjo, na mbuzi anajisugua kwenye miti mchana kutwa. Utitiri wa namna hii hujichimbia ndani ya ngozi, kwa macho hauonekani. Anayemshika anaweza kuwashwa mikononi kwa muda. Lakini mama, watoto wakijikuna usiku katikati ya vidole, huo mara nyingi ni upele wa watu: nendeni zahanati nyumba nzima mtibiwe, msimlaumu mbuzi.

Kuna pia mashilingi, madoa ya mviringo yenye ukoko wa kijivu, yasiyowasha sana. Ni ukungu, sindano ya utitiri haisaidii chochote, na huambukiza watoto haraka. Mshikeni mnyama huyo mkiwa mmevaa mfuko wa plastiki mikononi, kisha sabuni.

Na mbwa? Sikio lenye harufu na uchafu mweusi linatibika. Ila mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa mate au kung'ata ovyo, msimguse kabisa sikio. Akimuuma mtu, osheni kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, halafu zahanati siku hiyo hiyo.