Hadubini na Kompyuta (2): Yai la Nusu Milimita

Wiki iliyopita tuliishia kwenye picha: mililita 10 za mkojo wa mtoto wa skuli zimepitishwa kwenye kichujio, mayai ya kichocho yamenasa, kamera ya hadubini imeyapiga picha. Leo tuyahesabu. Na kichocho hakiko mbali nasi: Mji Mkongwe hauna mto wa kuogea, lakini panda daladala kidogo tu ufike Mwera, au endelea hadi Kinyasini, uko kwenye maji wanamoishi konokono wa jenasi ya Bulinus wanaoeneza maradhi haya.

Programu ninayoitumia ni ImageJ, aliyoianzisha Wayne Rasband huko Marekani mwaka 1997. Ni bure, na hata kompyuta kuukuu inaimudu.

Kwanza kipimo. Kompyuta haijui maikromita, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Inajua vijiraba vya picha tu, yaani pikseli. Piga picha ya kioo cha kupimia, ambacho milimita moja imegawanywa mara 100, uchore mstari juu ya vigawanyo 10. Hizo ni maikromita 100. Ukikuta pikseli 200, kila pikseli ni nusu maikromita. Ukibadili lenzi, pima upya. Usiku mmoja nyumbani Malindi, humu humu Mji Mkongwe, nilijisahau: picha zilikuwa za lenzi ya kukuza mara 40, kipimo nikakiacha kile cha lenzi ya 10. Nikapata yai la maikromita 560. Nusu milimita na ushei! Yai la kichocho cha mkojo kwa kawaida ni kati ya 110 na 170.

Kisha kizingiti. Picha isiyo na rangi ina ngazi 256 za kijivu, kutoka 0 nyeusi hadi 255 nyeupe, nawe ndiwe unayeamua ipi ivuke na ipi ibaki nje. Programu inaweza kukuchagulia, kwa mfano kwa njia ya Mjapani Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979. Mimi siiachii peke yake. Ganda la yai hupitisha mwanga, hivyo mara nyingi hushikwa mzingo tu; agiza tundu la ndani lijazwe.

Sasa chuja kwa ukubwa na umbo. Yai la urefu wa 140 na upana wa 55 lina eneo la maikromita za mraba 6,000 hivi. Ukiweka mipaka ya 3,000 na 10,000, vumbi linatoka. Povu la hewa nalo linaumbuka kwa uduara wake: duara kamili ni 1, yai ni kama 0.7.

Tabu ni mayai yaliyogusana. Mawili yana eneo la 12,000, kwa hiyo yote hutupwa. Ipo amri ya kuyatenganisha, ila amri hiyohiyo huweza kulipasua yai moja refu likawa mawili. Na hapo si mchezo: kwa Shirika la Afya Duniani, mayai 50 au zaidi katika mililita 10 ni maambukizi makali, 49 ni mepesi. Hesabu ikikaribia hapo, narudi kwenye picha kutafuta mwiba ulio kwenye ncha ya yai. Vipande viwili, mwiba mmoja: yai ni moja.

Zile picha za Malindi, nilipokwisha kurekebisha kipimo, programu ilisema 51. Miba niliyoihesabu kwa jicho ilikuwa 48.

Itaendelea.