Neno "Shauri" Sokoni na Ofisini

Apitaye leo katika soko la Soweto, mjini Mbeya, hakosi kumsikia muuzaji akimwambia mnunuzi asitaye, "Shauri yako." Wenye sarufi watataka "shauri lako," nao wasema kweli, lakini sisi twatazama maana. Shauri, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kwanza maneno ya watu wanaoketi pamoja kutafuta njia. Tena ni neno la kumwachia mtu mzigo wake peke yake. Maana hizo mbili zilikutana katika ofisi za Waingereza.

Waingereza walipoitawala Tanganyika, mkuu wa wilaya aliitwa Bwana Shauri, kwa kuwa ndiye aliyepelekewa mashauri. Wazee walimtazamia awe kama mkuu wa jadi: aijue nyumba ya mtu, ajue kwamba mvua ilikosa, asamehe. Lakini kwa desturi ya Waingereza mtawala mwenyewe hufungwa na sheria iliyoandikwa, wala hamwangalii mtu uso. Kodi ya kichwa ilidaiwa kila mwaka, na asiye na fedha aliweza kutakiwa kuilipa kwa kazi. Aliyelipa alipewa cheti, na kukitunza kulikuwa shauri lake.

Desturi hiyo ina wema wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na cheti humtetea mnyonge sawasawa na mkubwa. Lakini karatasi yaweza pia kumficha mwenye amri. Mwaka 1926, katika siku za Gavana Donald Cameron, Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji iliwapa wakuu wa jadi kazi ya kutoa amri na kusimamia watu wao. Mwaka huo huo Sapi, mwana wa Mkwawa, alirudishiwa ukuu wa Wahehe huko Iringa. Amri ikiwa chungu, watu humlaumu mkuu wamwonaye, wala si ofisi iliyomwagiza. Hivyo mkuu alitwikwa lawama, na neno la mwisho halikuwa lake.

Ukuu huo wa kiserikali ulifutwa mwaka 1963; karatasi zikabaki. Hata leo yuko karani asemaye, "Sheria hairuhusu," akafunga dirisha. Yuko na raia adaiye haki yake, na stakabadhi hakuitunza. Wote wawili wameshika maana ya pili ya shauri, na ile ya kwanza wameiacha. Raia na atunze karatasi yake, maana huo ni wajibu wake. Karani naye na amwonyeshe njia kabla ya kufunga dirisha, kwani ndiyo sababu wazee walimwita mwenye ofisi Bwana Shauri.