Beni na Butembo: depo likigeuzwa ghorofa, klimatizeri moja kubwa si jibu

Mfanyabiashara anayegeuza depo la kahawa au kakao kuwa duka chini na ofisi juu huuliza swali moja anapofika kwa muuzaji wa klimatizeri: ninunue ya nguvu gani? Jibu la haraka ni kupima sakafu na kuhesabu BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Hesabu hiyo inaweza kumla pesa mara mbili, siku ya kununua na kila siku ya kuwasha jenereta.

Chukua depo la mita 8 kwa 6, lenye sakafu mbili. Hesabu ya muuzaji inatoa BTU 57,600. Mashine za nguvu hiyo zikifanya kazi kikamilifu, zinakula umeme wa karibu kilowati 5.

Lakini sakafu hizo hazilingani. Chini kuna kuta nene na kivuli cha ghorofa. Juu kuna mabati, ambayo jua la mchana linaweza kuyapasha kupita nyuzi 60. Bila plafo, joto lote linawashukia waliokaa. Ukifunga mashine moja kubwa chini, duka litakuwa baridi na ofisi itabaki tanuru, maana hewa baridi ni nzito, haipandi ngazi.

Mashine iliyozidi kipimo ina ubaya mwingine. Inapoza haraka, inazima, inawaka tena, na unyevu unabaki chumbani. Kila inapowaka inavuta umeme kwa kishindo, jambo ambalo jenereta ndogo haivumilii. Zile za inveta huanza polepole.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye plafo yenye kizuia joto, na kuziba nafasi kati ya ukuta na bati. Baada ya hapo, mashine mbili za BTU 12,000, moja kwa kila chumba cha juu, zinaweza kutosha. Chini, feni pengine inatosha. Mbili hizo zinahitaji karibu kilowati 2, bado nyingi kwa sola iliyofungwa kwa ajili ya taa na televisheni.

Hesabu ya Beni haifai Butembo, ingawa ni kilomita 54 tu. Beni iko kwenye mita 1,100 hivi, Butembo inapita 1,700, na joto hupungua karibu nyuzi 6 kila mita 1,000. Huko Butembo tatizo ni baridi ya usiku. Klimatizeri inayogeuzwa huchukua joto la hewa ya nje na kulileta ndani, na kwa kipimo kimoja cha umeme hutoa mara nyingi vipimo vitatu vya joto. Anayenunua kwa ajili ya Butembo aulize kwanza kama mashine inapasha pia, kwa sababu nyingine zinapoza tu.

Kabla ya kulipa, kipimajoto kikae ghorofani siku nzima, kisomwe saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri.