Koko Anapotembea Usiku

Wako wazee, makoko wetu, hapa Kisangani ambao ukiwatajia tarehe 24 Novemba 1964, siku askari wa miavuli wa Ubelgiji walipoteremka Stanleyville, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, watakusimulia asubuhi ile yote: mngurumo wa ndege, nani alikimbilia wapi, nani hakurudi. Waulize wamekula nini leo, wanakutazama tu. Jirani mmoja atasema ni uzee. Mwingine atanong'ona kwamba mtu anayeyashika mambo ya wafu na kuyaachia ya walio hai ni ndoki, mchawi.

Mfaransa Théodule Ribot aliandika tangu 1881 kwamba kumbukumbu mpya hutangulia kupotea, na za zamani hufuata baadaye. Sababu yake sasa tunaifahamu vizuri zaidi. Ndani ya ubongo, karibu usawa wa masikio, kuna sehemu mbili ndogo ziitwazo hipokampasi, moja kila upande. Hizo hulipokea tukio jipya na kulishikilia mpaka likae imara katika gamba la ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer huanza kuharibu hapo na pembeni mwake. Kwa hiyo chakula cha asubuhi hakikupata pa kushika, wakati mwaka 1964 ulikwisha kujikita kwingine zamani na utadumu mpaka uharibifu uenee.

Ustadi wa mikono nao una makao yake: ubongo mdogo wa kisogoni na viini vilivyo katikati kabisa ya ubongo. Mvuvi mzee wa Kiwagenia anaweza kuufunga mgono wake kwenye miti ya maporomoko bila kukosea fundo, kisha akapotea akiitafuta nyumba yake mwenyewe. Familia ikiona hivyo husema anajifanya. Hajifanyi.

Lakini si kila kusahau ni ugonjwa. Hipokampasi hupungua kidogo kila mwaka hata kwa mzee mwenye afya, na ubongo hupunguza mwendo. Jina la mtu hukwama ulimini, likarudi usiku ukiwa umelala. Kuhesabu chenji sokoni kunachukua muda. Msamiati, hukumu na ujuzi wa maisha havipungui sana, vingine huongezeka. Anayesahau jina la mgeni wa jana asikuogopeshe. Wa kumtazama vizuri ni yule anayesahau kwamba mgeni alikuja, au mama aliyepika pondu miaka hamsini na sasa hajui aanzie wapi. Mzee hupimwa kwa jinsi alivyokuwa yeye mwenyewe, wala si kwa jinsi alivyo mzee wa jirani.

Wagonjwa si wachache kama tunavyodhani. Mwaka 2008 na 2009, watafiti waliwapima wazee wa miaka 65 na zaidi mjini Bangui na Brazzaville, karibu 500 katika kila mji. Wenye ugonjwa wa kupotewa na akili walikuwa asilimia 8.1 Bangui na 6.7 Brazzaville. Miji hiyo iko katika nchi jirani, na hakuna sababu ya kuamini kwamba hapa Kisangani, Makiso au Mangobo, ni tofauti sana.

Nisimame kwenye mambo ya usiku, maana hapo ndipo watu wanapoumizwa.

Mwili una saa yake: kikundi kidogo sana cha seli, juu ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kinachotenganisha mchana na usiku. Ugonjwa ukikifikia, mgonjwa husinzia mchana na kuamka saa nane za usiku. Anafungua mlango, anatoka, anazunguka uwanja wa watu. Jua likianza kuzama huingiwa na wasiwasi, na umeme ukikatika, kivuli cha nguo ukutani kinageuka mtu.

Pesa je? Anaificha chini ya godoro, anasahau kuwa aliificha, na ubongo, usiopenda pengo, unalijaza: mke wa mwanangu ameiiba. Hapo hasemi uongo, kwa sababu anaamini kila neno. Anamwita mama yake aliyekufa zamani kwa kuwa, katika mwaka anaoishi yeye, mama bado yupo. Kuna pia ugonjwa wa miili ya Lewy, ambao humwonyesha mgonjwa watu na wanyama waziwazi, wamekaa chumbani kimya. Na sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuzuia kutukana au kuvua nguo mbele za watu, ikidhoofika, mama mwenye haya atafanya yote mawili.

Yakusanye hayo yote, na unayo orodha ileile inayosomwa kama ushahidi katika baadhi ya vyumba vya maombi. Katika Jamhuri ya Kongo, ile ya Brazzaville, watafiti wameandika habari za wazee wenye ugonjwa wa kupotewa na akili wanaotuhumiwa uchawi. Mimi sibishani na imani ya mtu. Nasema tu kwamba kumfunga mzee kamba, kumnyima chakula kwa jina la kufunga na kusali, au kumfukuza, humzidishia mvurugiko uleule unaoogopwa. Komeo la juu mlangoni, taa ndogo usiku, kazi nyepesi mchana na kutobishana naye kuhusu mama yake hutuliza zaidi.

Dawa ya kuuponya Alzheimer haipo. Hata hivyo, wengine wanaochanganyikiwa hawana Alzheimer, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi wakiachwa nyumbani. Malaria au maambukizi ya mkojo huweza kumvuruga mzee ndani ya siku mbili. Aliyeanguka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, akagonga kichwa anaweza kuvuja damu polepole juu ya ubongo, na dalili zikaonekana wiki kadhaa baadaye. Malale, ambayo nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inabeba mzigo wake mkubwa kuliko nchi nyingine yoyote, hugeuza usingizi na tabia kabla ya kuua, nayo inatibika. Virusi vya ukimwi, kaswende, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni nzito ya mjane, uziwi: vyote huiga kupotewa na akili. Vivyo hivyo dawa za famasi zinazouzwa bila karatasi ya daktari. Prometazini ya mafua na diazepamu ya usingizi humlevya mzee kuliko kijana.

Kuhusu kinga nitasema machache. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yanayochangia karibu asilimia 45 ya visa vya kupotewa na akili duniani. Kwa mji wetu ningeanza na tansio, yaani shinikizo la damu. Watu wa miaka 40 na 50 wanatembea nayo bila kujua, na makayabu, samaki wa chumvi, na vidonge vya mchuzi vinaisukuma juu, huku mishipa midogo ya ubongo ikiziba mmojammoja. Kuipima ni kazi ya dakika chache.

Ukimpeleka koko hospitalini, usimpeleke na mtoto anayeishi Kinshasa aliyekuja likizo. Nenda na yule anayelala naye nyumba moja. Beba dawa zote anazomeza, za kienyeji pia. Na mkubaliane nyumbani, kabla ya kufika, ni lini ilianza, kwa sababu mvurugiko wa siku tatu, wa miezi mitatu na wa miaka mitatu hutafutiwa vyanzo tofauti kabisa, na ule wa siku tatu hausubiri Jumatatu.